Kadi Inasema Nini Hasa? Kusoma Maandishi ya Yu-Gi-Oh!, Magic na Pokémon Bila Kugombana

Ugomvi wa kadi za michezo kama Yu-Gi-Oh!, Magic na Pokémon unaozuka barazani, iwe Malindi au Lamu, mara chache hutokana na mtu kutojua Kiingereza. Wachezaji wengi wamesoma, na maneno ya kwenye kadi si magumu. Tatizo ni kwamba kadi husomwa harakaharaka: jicho linanasa maana ya jumla, "hii inaua monsta, ile inavuta kadi mbili", na yaliyobaki yanajazwa kwa kukisia. Kumbe aliyeandika kadi amepima kila kituo na kila kiunganishi. Neno "then" lina kazi yake, na kazi hiyo haibadiliki ukitoka kadi moja kwenda nyingine.

Ubishi huu una umri sawa na michezo yenyewe. Richard Garfield, mbunifu wa Magic, alipokuwa akiijaribu kabla haijatoka mwaka 1993, kadi iliyokuja kuitwa Time Walk iliandikwa "Opponent loses next turn". Alikusudia mpinzani akose zamu yake inayofuata. Mchezaji mmoja wa majaribio akaelewa kwamba mpinzani anashindwa mchezo mzima zamu ijayo, akaona amepata kadi ya ajabu. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakibana lugha mwaka hadi mwaka, na matokeo yake ni Kiingereza kikavu ambacho mtu wa kawaida haongei. Ukikizoea, kinasomeka kwa urahisi kuliko sheria nyingine yoyote iliyoandikwa.

Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye Yu-Gi-Oh!, kwa sababu huko ndiko alama ndogo zinakobeba mzigo mkubwa. Magic inafuata, na Pokémon tutaipitia kwa ufupi.

Kwanza, hakikisha unasoma maandishi yanayotambulika

Kadi uliyoishika mkononi si lazima iwe na maneno ya mwisho. Yu-Gi-Oh! ya Kiingereza ilianza mwaka 2002, na utaratibu wa uandishi unaotumika sasa ukaingia mwaka 2011. Kadi iliyochapwa kabla ya hapo haifuati utaratibu huo, kwa hiyo kuhesabu nukta zake ni kazi bure. Ukiona "remove from play" badala ya "banish", jua umeshika maandishi ya zamani. Magic nayo ilikuwa ikiandika "comes into play" hadi mwaka 2009, ikaja "enters the battlefield", na tangu mwaka 2024 imebaki "enters" peke yake. Zote tatu ni jambo lilelile. Katika michezo yote miwili kadi ya zamani inaruhusiwa kuchezwa ilivyo, ila unaifuata kwa maneno mapya. Ya Magic yamo kwenye hifadhi rasmi iitwayo Gatherer, na ya Yu-Gi-Oh! yamo kwenye hifadhi ya kadi ya Konami, kampuni yenye mchezo huo.

Kadi za bandia ni balaa jingine. Zile pakiti za bei rahisi zinazoning'inizwa madukani pamoja na vichezeo mara nyingi zina Kiingereza kilichovurugika: namba zimebadilishwa, sentensi imekatwa katikati, hata jina si lake. Usihangaike kufasiri upuuzi. Kama mmekubaliana kuzichezea, tafuteni jina au picha ya kadi halisi na mfuate maandishi yake.

Halafu kuna Kiitaliano. Malindi imejaa Waitaliano, na kadi utakayopewa na mmoja wao yaelekea itakuwa ya lugha yake. Usiitupe. Karibu kila kadi ya Yu-Gi-Oh! ina namba ya tarakimu nane chini kushoto, na namba hiyo ni moja kwa lugha zote: Blue-Eyes White Dragon ni 89631139 popote uendapo. Kwenye kadi za miaka ya karibuni, chini ya picha upande wa kulia kuna namba ya toleo yenye herufi IT. Weka EN mahali pake, uitafute, utapata kadi ileile kwa Kiingereza. Alama za nukta pacha na nukta mkato nazo hufanya kazi ileile kwenye Kiitaliano. Upande wa Magic, shika maneno manne: "bersaglio" ni mlengwa, "quando" na "ogniqualvolta" ni athari inayofyatuka yenyewe, na "all'inizio" ni mwanzoni mwa hatua fulani. Vijana wengi wa Malindi wana Kiitaliano kinachotosha kumaliza sentensi iliyobaki.

Kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya skrini ya maandishi ya kadi zote za deki yako, yaani fungu unalochezea. Bando huisha na mtandao hupotea, tena hasa pale mtu anapokuwa karibu kushindwa.

Yu-Gi-Oh!: tafuta alama mbili kabla ya kusoma maneno

Sentensi ya athari hugawanyika sehemu tatu, na alama ndizo zinazogawa:

sharti : unachofanya wakati wa kuwasha ; kinachotokea wakati wa kutekelezwa

Kilicho kabla ya nukta pacha (:) ni lini kadi inaweza kuwashwa. Kilicho kati yake na nukta mkato (;) hufanywa papo hapo unapoiwasha, nacho huwa ni gharama au kuchagua mlengwa. Kilicho baada ya nukta mkato hungoja mpaka mnyororo (foleni ya kadi zinazowashwa kujibizana, ya mwisho ikitekelezwa kwanza) ufunguke na kuifikia kadi hiyo.

Tuichukue Solemn Judgment tuipasue: "When a monster(s) would be Summoned, OR a Spell/Trap Card is activated: Pay half your LP; negate the Summon or activation, and if you do, destroy that card."

Sharti: monsta yuko karibu kuitwa, au kadi ya uchawi au ya mtego imewashwa. Gharama: nusu ya pointi zako za uhai (LP). Ukiwa na 8000 unabaki na 4000, na unabaki nazo hata kama Solemn yenyewe itatenguliwa. Hapa ndipo watu wanapodai kurudishiwa. Hakuna kurudishiwa. Gharama iko kabla ya nukta mkato, imelipwa wakati wa kuwasha, na kutengua athari hakugusi kilichokwisha kulipwa. Athari: kutengua, na kutengua kukifaulu, kadi inaharibiwa. Kutengua kukishindikana, hakuna kuharibu.

Mlengwa naye anakaa mahali hapohapo. Book of Moon inasema "Target 1 face-up monster on the field; change that target to face-down Defense Position." Unamtaja monsta wakati wa kuwasha, mwenzako akimsikia, naye anaweza kujibu akijua nani anaandamwa. Kama sentensi haina neno "target", hakuna mlengwa, na uchaguzi unafanyika wakati wa kutekelezwa. Raigeki, "Destroy all monsters your opponent controls", haimlengi mtu, kwa hiyo monsta asiyeweza kulengwa anakwenda na wenzake.

Athari ya monsta isiyo na nukta pacha wala nukta mkato haianzishi mnyororo, ipo tu uwanjani inafanya kazi, na huwezi kuijibu. Tahadhari: kanuni hiyo haigusi kule kuwashwa kwa kadi za uchawi na mitego. Pot of Greed imeandikwa "Draw 2 cards." basi, lakini kuiwasha ni kuwasha, na mnyororo unaanza.

Hapohapo kwenye Pot of Greed ndipo kosa sugu kuliko yote linapozaliwa. Mwenzako anawasha kadi ya uchawi, wewe unajibu kwa Mystical Space Typhoon, "Target 1 Spell/Trap on the field; destroy that target." Kadi yake inaharibiwa. Je, athari yake imekufa? Haikufa. Typhoon imeandikwa "destroy", haikuandikwa "negate". Kadi imekwenda makaburini ("Graveyard", fungu la kadi zilizokwisha kutumika au kuharibiwa) lakini ilishawashwa, na mwenzako anavuta kadi zake mbili. Kinachochanganya ni kwamba zipo kadi ambazo lazima ziwe wazi uwanjani ili zitekelezwe: za uchawi za kudumu, za uwanja, za kuvisha monsta, na mitego ya kudumu. Hizo ukiziharibu ndani ya mnyororo, kweli hazifanyi kitu. Mtu akiona hivyo mara moja, anahitimisha kwamba Typhoon inatengua. Haitengui.

Nayo "negate" ina daraja mbili. "Negate the activation" hufuta kule kuwashwa kwenyewe. "Negate that effect" huacha kuwashwa kubaki halali na kuua athari tu. Ash Blossom & Joyous Spring ni ya aina hii ya pili, wala haina neno "destroy" popote. Kwa hiyo ukiitumia dhidi ya kadi ya uchawi ya kudumu, kadi hiyo inabaki uwanjani. Mwulize anayekwambia "Ash imeiua" akuonyeshe neno.

"When" na "if"

Hapa Kiswahili chetu kinatutega kidogo. Unapomweleza mwenzako "ikiharibiwa, waweza kuita nyingine", hiyo "iki-" imebeba "when" na "if" kwa pamoja, ilhali kwenye kadi ni vitu viwili. "When … you can" inataka tukio liwe ndilo la mwisho kabisa kutokea. Kikipita kitu kingine baada yake, nafasi imepotea. "If … you can" haijali. Mradi tukio limetokea, unasubiri shughuli iliyopo iishe kisha unawasha.

Peten the Dark Clown ni mfano mzuri. Imeandikwa "When this card is sent to the Graveyard: You can banish this card…" ili kumwita Peten mwingine. Akiuawa vitani, tukio la mwisho ni kwenda makaburini, sawa. Ukimtoa kafara ili uite monsta mkubwa, kwanza Peten anakwenda makaburini, halafu monsta mkubwa anaingia. Tukio la mwisho ni kuingia kwa yule mkubwa. Peten amekosa nafasi. Vivyo hivyo akitolewa kama gharama ya kuwasha kitu, au akiharibiwa na kiungo cha pili cha mnyororo wakati kiungo cha kwanza bado hakijatekelezwa.

Njia rahisi ya kumfundisha mgeni: soma "when" kama "papo hapo baada ya", na "if" kama "madhali". Akishika hayo, nusu ya safari ameimaliza.

Angalia pia kama "you can" ipo. Isipokuwapo, athari ni ya lazima, na athari ya lazima haikosi nafasi hata ikianza na "when". Sangan akitoka uwanjani kwenda makaburini, ni lazima utafute monsta mwenye nguvu za 1500 au pungufu, upende usipende. Wazee wa bao hawahitaji kuelezwa hili: ukiwa na mtaji unakula, huwezi kusema leo sijisikii. Mwenye "you can" ndiye anayeweza kukaa kimya.

Viunganishi

Katika mazungumzo, "na" inatosha kwa kila kitu. Kwenye kadi kuna namna tano, na zote zinahusu maswali mawili tu: je, la kwanza likishindikana la pili linafanyika? Na je, yanatokea kwa pamoja au kwa kufuatana?

"A and B": yote mawili au hakuna. Moja haliwezekani, jingine halifanyiki. Kwa pamoja.

"A, and if you do, B": B inategemea A. A inaweza kutokea bila B. Kwa pamoja.

"A, then B": B inategemea A vilevile, ila yanafuatana, na B ndilo tukio la mwisho.

"A, also B": kila moja linajitegemea. Kwa pamoja.

"A, also, after that, B": yanajitegemea, lakini yanafuatana.

Tofauti ya "and if you do" na "then" huonekana kama uchokozi wa waandishi mpaka ukumbuke habari ya "when". Kadi ikisema "destroy that target, then draw 1 card", tukio la mwisho ni kuvuta kadi. Monsta aliyeharibiwa mwenye "When this card is destroyed: You can" amenyamazishwa. Ikisema "and if you do, draw 1 card", mambo yote mawili yamekuwa kwa wakati mmoja na monsta huyo anapata nafasi yake. Neno moja tu, mchezo umegeuka.

Na "then" si gharama. Graceful Charity, ambayo siku hizi imepigwa marufuku mashindanoni, inasema "Draw 3 cards, then discard 2 cards." Unavuta kwanza, na hizo mbili unazozitupa zinaweza kuwa miongoni mwa ulizovuta sasa hivi. Kwa kuwa kutupa ni sehemu ya athari, monsta wa kundi la Dark World kama Goldd, ambaye huamka akitupwa "by card effect", anaamka. Mtupe huyohuyo kama gharama, yaani kabla ya nukta mkato, atalala makaburini kama wengine. Wachezaji wa Dark World hushindwa mechi kwa sababu hii kuliko kwa ubovu wa deki zao.

Mara moja kwa zamu, lakini ipi?

"Once per turn:" peke yake inahusu nakala ile iliyo uwanjani. Ukiwa na nakala mbili, kila moja ina mara yake. Ikitoka na kurudi, inahesabiwa kuwa mpya. Lakini ukiona jina la kadi ndani ya alama za kunukuu, "You can only use this effect of 'Fulani' once per turn", marufuku imefungwa kwenye jina: hata uwe na nakala zote 3 zinazoruhusiwa, ni mara moja basi.

Ndani ya hiyo ya pili, tazama kama ni "use" au "activate". "You can only activate 1 … per turn": kule kuwashwa kukitenguliwa, hukuhesabiwa, na unaweza kujaribu nyingine. "Use": umejaribu, umemaliza, hata kama imetenguliwa. Ash Blossom, kwa kuwa inatengua athari tu, inakumalizia nafasi katika hali zote mbili.

Vitenzi navyo visichanganywe. Kinachoharibiwa kwa kawaida huenda makaburini, lakini kwenda makaburini si kuharibiwa. Monsta asiyeharibika kwa athari za kadi anaondolewa vizuri na "send", "banish", "return", au kutolewa kafara. Ndiyo maana Lava Golem anaogopwa: anakula monsta wawili wa mpinzani kama kafara, bila kulenga na bila kuharibu. "Discard" hutoka mkononi tu.

Magic: maneno matatu ya mwanzo na nukta pacha

Magic haina nukta mkato yenye kazi maalumu. Nukta pacha inayo: kushoto gharama, kulia athari. Athari yenye nukta pacha unaiwasha mwenyewe utakapo. Sentensi inayoanza na "when", "whenever" au "at" inafyatuka yenyewe, na hapa "when" haina ile hila ya kukosa nafasi. Anayetoka Yu-Gi-Oh! kuja Magic aiache hiyo mlangoni. Ukiona "if … would … instead", hiyo inabadilisha tukio kabla halijatokea, haiingii kwenye rundo (foleni ya athari zinazosubiri kutekelezwa), wala huwezi kuijibu.

Sheria mbili za kitabu cha Magic humaliza mabishano mengi. Ya 101.1: kadi ikipingana na kanuni za mchezo, kadi ndiyo inayofuatwa. Ya 101.2: athari moja ikiruhusu jambo na nyingine ikasema haliwezekani, "can't" inashinda. Haijalishi ipi imekuja baadaye, wala ipi ni ghali zaidi.

"Target" hapa ni neno takatifu. Kiumbe mwenye "hexproof" hawezi kulengwa na mpinzani, basi. Si kwamba hawezi kufa. Murder inasema "Destroy target creature", haimpati. Wrath of God inasema "Destroy all creatures", inampata. Diabolic Edict ni hatari zaidi: "Target player sacrifices a creature of their choice." Mlengwa ni mchezaji, na yeye mwenyewe ndiye anayechagua wa kutoa kafara. Akiwa na kiumbe mmoja tu, mwenye "hexproof" na "indestructible" (asiyeharibika) vyote viwili, huyo anakwenda. Watu hupinga kwa nguvu. Wasomeeni sentensi polepole, mkionyesha neno "target" limesimama mbele ya nini.

Tangu mwaka 2018 kuna pia "any target", kama kwenye Lightning Bolt: "deals 3 damage to any target." Maana yake si chochote kilicho mezani. Ni kiumbe, mchezaji, au kadi za aina ya "planeswalker" au "battle". Ardhi ya kawaida haimo.

Kuua chanzo hakuui athari iliyokwisha kuwashwa. Prodigal Pyromancer akishalala (kadi yake ikishageuzwa ubavu) ili apige pointi moja, kumwua wakati huo ni kuchelewa, pointi inakuja. Ni somo lilelile la Typhoon.

Moja inayowapita hata wazoefu: neno "if" likikaa katikati mara tu baada ya koma ya kwanza, linakaguliwa mara mbili. Felidar Sovereign: "At the beginning of your upkeep, if you have 40 or more life, you win the game." Zamu inaanza una 40, athari inafyatuka. Kabla haijatekelezwa mpinzani anakupiga Lightning Bolt, unabaki na 37. Ukaguzi wa pili umeshindwa, hukushinda. Ungekuwa na 43 ungebaki na 40 kamili, na mchezo ungeisha. Kwa hiyo deki hiyo usiikaze ifike 40, ikaze ipite.

Neno "counter" lina kazi mbili zisizohusiana: kitenzi cha kuzuia kadi isitekelezwe, na kibonye kinachowekwa juu ya kadi. "Dies" ni kutoka uwanjani kwenda makaburini tu, kwa hiyo kiumbe aliyerudishwa mkononi au aliyetupwa nje ya mchezo hakufa. Maneno ya mlazo yaliyomo kwenye mabano ni ukumbusho, si sheria.

Pokémon

Huku maneno ni mepesi, na ugomvi mkubwa ni mmoja: "damage" na "damage counters". Shambulio linalofanya "60 damage" kwa Pokémon mwenye udhaifu wa ×2 linakuwa 120. Shambulio linaloweka "6 damage counters" linabaki 60. Udhaifu na ukinzani havihusiki, na kinga inayozuia "damage" haizuii vibonye. Pokémon walioko benchi hawapigiwi hesabu ya udhaifu hata kwa "damage", ila kadi iseme vingine.

Ultra Ball inasema unaweza kuitumia "only if you discard 2 other cards from your hand". Ukiwa na Ultra Ball na kadi moja tu, huiwashi. Professor's Research, "Discard your hand and draw 7 cards", ni tofauti: hata ikiwa ndiyo kadi yako ya mwisho mkononi, unavuta 7. Na ukitafuta kwenye deki kadi ya aina maalumu, una haki ya kusema hukuipata, kwa sababu mpinzani haoni deki yako.

Mkikwama katikati ya mchezo

Mikono juu ya meza, asiguse mtu kadi, hasa asivute. Mengine yote yanaweza kurudishwa nyuma, lakini kadi ikishaonekana imeonekana.

Mwenye kadi asome sentensi nzima kwa sauti, kwa Kiingereza chake, bila kuifupisha. Mara nyingi ubishi unaishia hapo. Kisha ulizeni kwa mpangilio: Kuna mlengwa? Ipi ni gharama? Ni lazima au ni hiari? Kiunganishi ni kipi? Someni na kadi ya upande wa pili vilevile, maana kosa huenda liko huko.

Bado? Angalieni maandishi rasmi, kwa dakika tano, si zaidi. Tahadhari na majibu ya watu mitandaoni kuhusu kadi "inayofanana". Kadi mbili zinazofanana kwa picha na kazi huweza kutofautiana kwa "when" na "if", na hapo jibu la moja ni uongo kwa nyingine. Msipopata, rusheni shilingi, mwendelee, na uamuzi huo ushike mpaka jioni kwa kila anayecheza, siyo kwa nyinyi wawili tu.

Wekeni daftari moja la baraza. Msiandike "Typhoon haitengui" pekee. Andikeni majina kamili ya kadi zote mbili, nani aliwasha kwanza, zilikuwa kiungo cha ngapi, na ilikuwa hatua gani ya zamu. Swali lisilo na mpangilio wa mnyororo halijibiki hata na mwamuzi wa mashindano. Na upepo wa kusi ukianza, daftari hilo lina kazi ya pili: liwekeni juu ya makaburi ya kadi.